Sindano Tisa: Namna Maandishi ya Printa za Zamani Yalivyorudi Kuwa Fonti

Chini ya kioo cha kukuzia, herufi kubwa H iliyochapishwa na printa ya Epson MX-80 mwanzoni mwa miaka ya 1980 inaonesha jambo ambalo macho matupu huliruka. Miguu yake miwili ya wima ina nukta saba saba, zimesogeleana hadi wino unakaribia kuungana. Mstari wa katikati, unaoiunganisha miguu hiyo, umejengwa kwa nukta tano tu zilizoachana, na weupe wa karatasi unapenya kati yake. Hakuna mchoraji wa herufi ambaye angeamua kwa hiari yake kuifanya miguu iwe myeusi na kiungo chake kiwe kimepauka. Umbo la H ile liliamuliwa na uzito wa sindano ya chuma, kasi ya kichwa kilichopita juu ya karatasi, na bei ya kumbukumbu za kompyuta katika miaka hiyo.

Leo wabunifu wengi wanazirudisha herufi hizo kama fonti za kidijitali. Zinaonekana kwenye vipeperushi vya muziki, kwenye skrini za simu, kwenye filamu zinazotaka risiti au hati ya mishahara ya mwaka 1985 ionekane ya kweli. Wengi huanza kwa kunakili nukta, kisha wanashangaa kwa nini kazi yao haifanani na karatasi ya zamani. Jibu limo katika historia ya nukta zenyewe. Umbo la herufi hizi ni zao la masharti, na anayetaka kulirudisha hana budi kuyarudisha masharti hayo.

1929–1949: Nukta zatangulia printa

Wazo la kuivunja herufi katika vipande vidogo ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1929 mhandisi Mjerumani Rudolf Hell alisajili hataza ya chombo cha kupeleka maandishi kwa umeme, kilichokuja kuitwa Hellschreiber. Telegrafu za kawaida zilipeleka msimbo wa kila herufi. Mawimbi yakivurugwa njiani, msimbo ulibadilika na herufi tofauti kabisa ikachapishwa upande wa pili, bila mpokeaji kujua kwamba ameletewa kosa.

Hell aliamua kupeleka picha ya herufi. Kila moja iligawanywa katika miraba 49, saba kwenda juu na saba kwenda kando, na kila mraba ukapelekwa kama mweusi au mweupe. Vurugu za hewani ziliacha madoa kwenye karatasi, lakini jicho la msomaji liliweza kuyapuuza na kuitambua herufi. Mashirika ya habari yalikitumia chombo hicho katika miaka ya 1930. Hivyo nukta ilipata kazi kwanza kama kinga dhidi ya makosa. Jina la Hell litarudi mbele, kwa sababu mtu huyohuyo alihusika pia na hatua ya pili ya hadithi hii.

Mwaka 1949 IBM ilitoa mashine ya kutoboa kadi namba 026, iliyotoboa matundu na papo hapo kuandika juu ya kadi herufi iliyotobolewa. Ndani yake mlikuwa na nyaya 35 nyembamba, zimepangwa tano kwa saba. Nyuma ya nyaya hizo kulikaa bamba dogo la chuma lililochongwa. Opereta alipobonyeza kitufe, bamba lilisogezwa hadi mahali pa herufi husika, kisha likasukumwa mbele. Pale chuma kilipoachwa kimesimama, waya ulisukumwa ukagonga utepe wa wino. Pale kilipokwanguliwa, waya ulibaki palepale. Herufi zote za mashine zilikuwa zimehifadhiwa katika kipande kimoja cha chuma ambacho mtu angeweza kukitoa na kukiweka kiganjani, na bamba hilo linaweza kusomwa hata leo, nukta kwa nukta.

1968–1974: Safu moja inayotembea

Nyaya 35 zilitosha kwa kadi, lakini zilikuwa mzigo kwa printa ya kurasa. Suluhisho lilikuwa kuachana na kipimo kimoja kati ya viwili: badala ya safu tano za nyaya saba, printa ibebe safu moja tu ya nyaya saba, na safu hiyo itembee. Kila inaposogea hatua moja, sumaku ndogo za umeme zinaamua ni nyaya zipi zigonge. Baada ya hatua tano, herufi imekamilika.

Kampuni ya Oki ya Japani ilitoa printa yake ya Wiredot mwaka 1968. Mwaka 1970 kampuni ya Centronics, iliyoanzishwa na Robert Howard na kuwa na makao Hudson, New Hampshire, ikaleta Model 101, iliyochapisha herufi 165 kwa sekunde. Mwaka huohuo Digital Equipment Corporation ikatoa LA30, na mwaka 1974 LA36, ambayo ilienea katika vyuo na maabara.

Sababu ya kasi hiyo ya mabadiliko ilikuwa kompyuta ndogo. Mashine kubwa za zamani zilikuwa na printa za mistari zilizogharimu fedha nyingi, na aliyenunua kompyuta ndogo hakuwa tayari kununua printa ya bei inayokaribia kompyuta yenyewe. Safu moja ya sindano ilikuwa rahisi kutengeneza, na ilikuwa na faida nyingine: iligonga. Kwa kuwa iligonga, iliweza kupitisha maandishi kwenye karatasi tatu au nne zilizotenganishwa kwa kaboni. Ofisi zilizohitaji nakala ya mteja, ya ghala na ya mhasibu zilipata zote kwa pigo moja.

Zao la pili la mabadiliko hayo halikuonekana kwa nje. Umbo la herufi liliondoka kwenye chuma likahamia kwenye chipu ya kumbukumbu. Gridi ya tano kwa saba inahitaji biti 35 kwa kila herufi, na seti ya herufi 64 inahitaji biti 2,240. Kumbukumbu zilikuwa ghali, kwa hiyo printa nyingi za mwanzo ziliishia kwenye herufi kubwa, tarakimu na alama chache. Zilizoongeza herufi ndogo zilikumbana na tatizo jingine. Sindano saba hazikuwa na nafasi ya mikia. Herufi g, j, p, q na y zilipandishwa juu ya mstari, mikia yake ikabanwa kwenye nafasi ya herufi za kawaida, na neno kama "jogoo" likaonekana linarukaruka.

1975–1983: Epson na nusu hatua

Kampuni ya Shinshu Seiki, katika eneo la Suwa mkoani Nagano, ilikuwa sehemu ya kundi la Seiko. Kundi hilo lilipima muda katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 kwa vifaa vilivyoweza kuchapisha matokeo, na uzoefu huo ukazaa EP-101, printa ndogo iliyoingia sokoni mwaka 1968 na kutumika katika vikokotozi. Mwaka 1975 jina la Epson, maana yake wana wa EP, likaanza kutumika. TX-80 ikafuata mwaka 1978, kisha MX-80 mwaka 1980.

MX-80 ilikuwa na sindano tisa. Mbili zilizoongezwa chini zilitatua tatizo la mikia: herufi kubwa zilitumia sindano saba za juu, na g au y ikashuka chini ya mstari kama ilivyofundishwa shuleni. Ilichapisha herufi 80 kwa sekunde, ikienda na kurudi, na kichwa chake kilipochakaa mtumiaji alikibadilisha mwenyewe. IBM ilipozindua kompyuta yake binafsi mwezi Agosti 1981, printa iliyouzwa pamoja nayo chini ya jina la IBM ilikuwa MX-80 iliyobadilishwa nembo. Uamuzi huo mmoja uliyafanya maandishi ya Epson kuwa sura ya hati za kompyuta duniani kote, na watengenezaji wengine wakalazimika kuiga amri zake na vipimo vyake.

Hapa ndipo penye siri ya ile H. Herufi ya kawaida ya MX-80 ilikuwa na upana wa sehemu moja ya kumi ya inchi, na upana huo uligawanywa katika nafasi 12. Herufi ilichukua nafasi tisa, tatu zikaachwa kama pengo. Kwa kasi ya herufi 80 kwa sekunde, kichwa kilivuka nafasi 960 kila sekunde. Nafasi moja ilidumu takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sindano iliyogonga utepe haikuweza kurudi nyumbani na kugonga tena ndani ya muda huo. Kwa hiyo sheria ikawa hii: sindano ileile haigongi katika nafasi mbili zinazofuatana.

Matokeo yake ni mawili. Mstari wa mlalo unapata nukta katika nafasi ya 1, 3, 5, 7 na 9 tu, ndiyo maana una nukta tano zilizoachana kwa sehemu moja ya 60 ya inchi. Sindano za wima zilipangwa karibu zaidi, sehemu moja ya 72 ya inchi, ndiyo maana miguu ni myeusi kuliko viungo. Lakini sindano tofauti zinaruhusiwa kugonga katika nafasi zinazofuatana, na hapo wachoraji wa Epson walipata uhuru wao. Mstari wa mshazari katika A, V au M uliweza kusogea nusu hatua kwa nusu hatua, na ukatoka laini kuliko gridi ya tano kwa saba ilivyowahi kuruhusu. Nusu hatua hiyo ndiyo inayozipa herufi za Epson ule mzunguko mwepesi kwenye mabega ya n na tumbo la e.

Masharti yalizaa mbinu nyingine pia. Aliyetaka maandishi meusi zaidi aliweza kuamuru kila nukta igongwe mara mbili kwa kusogezwa kidogo kando. Aliweza pia kuamuru mstari mzima uchapwe upya baada ya karatasi kupanda kwa sehemu moja ya 216 ya inchi, theluthi ya umbali kati ya sindano mbili. FX-80, iliyotoka mwaka 1983, iliongeza kasi hadi herufi 160 kwa sekunde na kuwaruhusu watumiaji kujichorea herufi zao na kuzipakia kwenye printa. Kitabu chake cha maelekezo kilimfundisha mtu wa kawaida kuchora kwenye gridi yenye safu 11, akihesabu thamani ya kila safu na kuitii ileile sheria ya kutofuatana. Kwa watu wengi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuunda herufi.

Lugha nazo zilipimwa na masharti hayo. Nafasi za herufi zilikuwa chache, kwa hiyo printa iliyowekwa katika hali ya Kijerumani au Kifaransa ilitoa mhanga alama kama mabano ili kupata Ä au é. Kiswahili cha herufi za Kilatini hakikuhitaji kafara hiyo. Kila neno lake, pamoja na ritifaa ya ng', lilikuwemo tayari katika seti ya Kimarekani. Orodha ya mishahara au ankara ya Kiswahili ilitoka kamili kwenye printa yoyote iliyoshushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam.

1978–1985: Kanji, leza na kupungua kwa nukta

Japani yenyewe ilikuwa na mahitaji makubwa zaidi. Mwaka 1978 serikali ilitoa kiwango cha taifa cha msimbo wa herufi kilichojumuisha kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina, 6,349. Kanji yenye michirizi mingi haisomeki kwa sindano tisa. Ikichorwa kwenye gridi ya nukta 24 kwa 24, kila moja inahitaji baiti 72, na seti nzima inazidi baiti 450,000. Kumbukumbu ziliposhuka bei, printa za sindano 24 zikawezekana, na Epson ikatoa LQ-1500 mwaka 1984. Sindano zilizobuniwa kwa mahitaji ya kanji ziliwapa wasomaji wa Kilatini herufi zilizofanana na za taipureta. Printa za sindano tisa zilijibu kwa kupita mara mbili juu ya mstari mmoja, zikijaza mapengo kwa nukta za katikati, na kasi ikaporomoka.

Kila hatua hiyo ilikuwa na lengo moja: kuificha nukta. Wateja walitaka barua zisizoonekana zimetoka kwenye kompyuta, na katika miaka hiyo kuna waliohesabu barua ya nukta kuwa dharau kwa mpokeaji.

Lengo hilo lilifikiwa na teknolojia nyingine. Hewlett-Packard ilitoa LaserJet mwaka 1984, na Apple ikatoa LaserWriter mwaka 1985, zote zikiwa na nukta 300 kwa inchi. LaserWriter ilibeba lugha ya PostScript kutoka Adobe, kampuni ya John Warnock na Charles Geschke, na PostScript ilihifadhi herufi kwa namna tofauti kabisa. Haikuweka orodha ya nukta. Iliweka mchoro wa ukingo wa herufi kwa mistari na mikunjo ya kihesabu, na printa yenyewe ikaujaza wino kwa ukubwa wowote ulioombwa.

1965–1992: Mstari wa ukingo

Asili ya mchoro wa ukingo inaturudisha kwa Rudolf Hell. Mwaka 1965 kampuni yake ya mjini Kiel ilitoa Digiset, mashine ya kupanga matini iliyohifadhi herufi kama nukta na kuziangaza kwenye bomba la skrini. Mwaka 1968 ikapata Digi-Grotesk, inayotambuliwa kuwa aina ya kwanza ya herufi za kidijitali. Gridi zake zilikuwa nzito kuliko za printa yoyote, na kuzichora nukta kwa nukta, ukubwa baada ya ukubwa, kulimaliza nguvu za mafundi.

Ili kuwapunguzia kazi hiyo, Peter Karow wa kampuni ya URW mjini Hamburg aliunda programu ya Ikarus. Fundi aliweka pointi chache kwenye ukingo wa mchoro, kompyuta ikaunganisha pointi hizo kwa mikunjo, kisha ikatoa nukta za ukubwa wowote. Programu hiyo ilioneshwa Warsaw mwaka 1975 katika mkutano wa ATypI, chama cha kimataifa cha wataalamu wa herufi. Njia hiyo ya ukingo ndiyo iliyoendelezwa na PostScript, kisha na TrueType, iliyoingia katika kompyuta za Apple mwaka 1991 na katika Windows 3.1 mwaka 1992.

Kuanzia hapo herufi ya nukta haikuwa tena ya lazima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Stephan Müller na Cornel Windlin walitoa FF Dot Matrix kupitia kampuni ya fonti ya FontShop: herufi za nukta zilizochorwa kwa ukingo. Printa za sindano bado zilinguruma maofisini, lakini wabunifu walikuwa wameanza kuiona nukta kama mtindo wenye mvuto wake. Kitu kilichofichwa kwa miaka kumi kilianza kutafutwa.

Sheria iliwasaidia waliofuata. Nchini Marekani, hukumu ya kesi ya Eltra dhidi ya Ringer mwaka 1978 ilithibitisha kwamba umbo la aina ya herufi halipewi hakimiliki, ingawa programu ya fonti hulindwa. Uingereza, kwa sheria yake ya 1988, iliweka ukomo wa miaka 25 kwa anayetaka kuzuia maumbo ya herufi yasiigwe. Kuyachora upya maumbo ya printa ya 1980 kukawa kazi inayoweza kufanywa kwa uwazi.

2000–2010: Kuijenga herufi upya

Mwaka 2000 George Williams alitoa toleo la kwanza la programu huria iliyokuja kuitwa FontForge, na utengenezaji wa fonti ukawa wazi kwa yeyote mwenye kompyuta. Tangu hapo wanaorudisha maandishi ya printa wamefanya kazi kwa vyanzo vitatu, na kila kimoja kina upungufu wake.

Karatasi ya zamani inaonesha wino halisi, lakini inaonesha pia utepe uliochakaa na sindano iliyopinda. Chipu ya kumbukumbu, ikitolewa na kusomwa kwa kifaa chake, inatoa nafasi za nukta bila kosa hata moja, lakini haisemi lolote kuhusu ukubwa wa nukta wala wino unavyosambaa. Kitabu cha maelekezo kinatoa vipimo na sheria. Fonti nzuri hutokana na kuvilinganisha vyote vitatu.

Makosa mengi hutokea katika hesabu ya mwanzo. Anayeweka nukta kwenye gridi ya miraba iliyo sawa pande zote tayari amekwishapotea. Chukua fonti yenye vizio 1,200 vinavyowakilisha pointi 12, yaani sehemu moja ya sita ya inchi, nafasi ya kawaida kati ya mistari ya MX-80. Umbali wa wima kati ya sindano, sehemu moja ya 72 ya inchi, unakuwa vizio 100. Upana wa herufi, sehemu moja ya kumi ya inchi, unakuwa vizio 720. Nusu hatua ni vizio 60, na umbali kati ya nukta mbili za mlalo ni vizio 120. Namba zote zinatoka kamili, bila desimali, na gridi sahihi ni ndefu kwenda kando kuliko kwenda juu. Sindano yenye kipenyo cha karibu milimita 0.3 inakuwa duara la vizio 85 hivi. Weka maduara hayo kwenye gridi hiyo na ile H inajitokeza yenyewe, miguu myeusi na kiungo kilichopauka, bila mtu kuichora.

Duara lenyewe huchorwa mara moja tu. Teknolojia ya TrueType inaruhusu herufi kujengwa kwa kurejelea umbo jingine, kwa hiyo A, B na C zote zinaitumia nukta ileile katika nafasi mbalimbali. Mbunifu akitaka kuonesha utepe mpya uliojaa wino, anaikuza nukta moja na fonti nzima inanenepa. Akitaka utepe uliokauka, anaipunguza.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa skrini. Kwenye skrini ya kawaida ya pikseli 96 kwa inchi, matini ya pointi 12 ina pikseli 16 za kugawana kati ya hatua 12 za wima. Kila hatua inapata pikseli moja na theluthi, na nukta zinageuka ukungu wa kijivu. Mwaka 2010 Apple ilitoa iPhone 4 yenye pikseli 326 kwa inchi. Kwenye skrini ya namna hiyo hatua moja inapata zaidi ya pikseli nne, na nukta inabaki nukta. Fonti hizi zilipata nafasi ya kusomwa kwa ukubwa wao wa asili miaka thelathini baada ya MX-80.

2010 hadi leo: Nukta zilizobaki, nukta zilizoongezwa

Printa za sindano zenyewe hazikutoweka. Epson bado inatengeneza za sindano tisa na za sindano 24, na mabenki na maghala yanaendelea kuzitumia pale penye fomu za nakala nyingi. Ndugu zake wa karibu ni printa ndogo za joto zinazotoa risiti. Tanzania ilipoanza kuwataka wafanyabiashara kutumia mashine za kielektroniki za risiti za kodi (EFD) mwaka 2010, mamilioni ya watu walianza kupokea kila siku herufi zilizochorwa kwa gridi na kuhifadhiwa katika chipu. Herufi ya kawaida katika printa nyingi za risiti za Epson ina nukta 12 kwa 24. Joto halina sindano ya kusubiri irudi, kwa hiyo nukta zake zinashikana na sheria ya nusu hatua haipo. Anayetaka fonti ya risiti na anayetaka fonti ya ankara ya 1983 wanatafuta vitu viwili tofauti.

Mwaka 2016, Warsaw tena katika mkutano wa ATypI, Adobe, Apple, Google na Microsoft zilitangaza fonti zinazobadilika, ambamo faili moja hubeba uzito na maumbo mengi. Kwa herufi za nukta hiyo ilikuwa zana iliyokosekana. Doto ya Óliver Lalan, inayopatikana bure kupitia Google Fonts, imejengwa kwenye gridi ya sita kwa kumi na inamruhusu mtumiaji kunenepesha nukta au kuigeuza taratibu kutoka mraba hadi duara. Kampuni ya simu ya Nothing, yenye makao London, ilitumia fonti yake ya nukta iitwayo Ndot katika simu yake ya kwanza mwaka 2022. Hizi zinaazima mwonekano wa nukta bila kudai kurudisha printa fulani.

Wanaodai hivyo wanaendelea kuongeza ukweli mdogomdogo. Wengine hutengeneza nakala kadhaa za kila herufi zenye nukta zilizofifia tofauti, kisha hutumia kanuni za OpenType, muundo wa faili za fonti, ili herufi zinapofuatana, nakala zibadilishane. Jambo moja limewashinda kwa njia hiyo. MX-80 ilichapa mstari mmoja ikienda na mwingine ikirudi, na kulegea kidogo kwa mitambo kuliisogeza mistari ya kurudi kwa kiasi cha unywele. Fonti haijui iko kwenye mstari wa ngapi wa ukurasa, kwa hiyo mteguko huo huachiwa programu zinazoiga printa nzima na kutoa ukurasa uliokamilika.

Kazi inayobishaniwa zaidi ni ya herufi ambazo printa haikuwahi kuwa nazo. Alama ya yuro haikuwepo mwaka 1980, wala alama ya rupia iliyopitishwa na India mwaka 2010. Zote mbili hukaa vizuri ndani ya sheria, maana mistari yake ya mlalo inakubali nukta tano zilizoachana. Ngumu ni lugha ya Kikuyu (Gĩkũyũ), yenye ĩ na ũ. Herufi ndogo huchukua safu tano za nukta, na juu yake zimebaki safu mbili. Wimbi la alama linahitaji zote mbili, kwa hiyo linagusana na kichwa cha u. Kwa herufi kubwa Ĩ hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa sindano zote saba za juu zimeshatumika. Mbunifu anaweza kuongeza sindano ya kumi ambayo mashine haikuwa nayo, au kuifupisha I hadi safu tano na kuliweka wimbi juu yake. Njia ya pili ndiyo inayofuata desturi ya printa zenyewe, ambazo ziliibana Ä ya Kijerumani ndani ya sindano zilezile, na wanaojali uaminifu wa fonti huichagua hiyo.